Hakuna Nafasi Mbwajumali

Ukifika Lamu ukauliza Fundi Badawi alikufaje, utaambiwa kiburi kilimuua. Utaambiwa aliitwa mara tatu, sauti ikasikika hadi mtaa wa pili, naye akakataa hata kugeuza shingo, maana fundi mkuu hakimbizwi na boriti. Wanaosimulia hivyo ni watu wanaolala chini ya sakafu za paa alizozipiga yeye, sakafu ambazo hazijavuja hata tone, na kila ninapowasikia damu inanichemka. Nimekaa na jambo hili miaka sita. Magoti yangu hayaniruhusu tena kumfuata mtu nikamtia kofi, basi nitaeleza tu.

Fundi Badawi alikuwa kiziwi. Kiziwi kweli, wa masikio yote mawili, kwa miaka minane ya mwisho ya maisha yake. Mji haukujua. Nilijua mimi, Hamdun wa Mbwajumali, mkoroga chokaa wake. Na yule aliyesimama uani siku ile akamwita mara tatu mtu asiyesikia, naye ni mimi.

Tulianza kazi pamoja tukiwa vijana wa ndevu za kwanza, kule Manda kwenye mawe. Mawe ya ukuta yalichongwa nchi kavu, lakini lile jiwe jeupe laini la matumbawe, la kuchongea zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na mapambo, lilitoka majini likiwa hai. Maji ya bamvua yakitoka, Badawi alizama na mtaimbo akaling'oa chini, mimi nikalipokea nikalitia kichwani, nikaanza kutembea nalo. Ndani ya maji jiwe lilikuwa jepesi. Kila hatua ya kwenda ufukweni lilizidi uzito, na uzito wote ulishukia magotini. Tulifanya hivyo miaka tisa.

Badawi alikuwa akiibuka, anatikisa kichwa, anapiga sikio kwa kiganja, anazama tena. Sikio lilipotoa damu alitiwa mafuta ya karafuu ya uvuguvugu. Lilipotoa usaha alitiwa yale yale. Wakongwe waliotutangulia pale Manda walikuwa vivyo hivyo: mmoja hasikii, mwingine hawezi kuchuchumaa, wa tatu anakohoa mpaka anashika ukuta. Hatukuuita ugonjwa. Tuliuita uzee, na wengine wao hawakuwa wamefika miaka arubaini. Aliyelalamika tulimcheka, mimi nikiwa wa kwanza kucheka, maana mdomo wangu haukuwahi kuumwa.

Baadaye Badawi akawa fundi wa kujenga, akanichukua. Huko nako chokaa ilitungoja. Chokaa mbichi inakula ngozi katikati ya vidole, inawasha macho, na vumbi lake likiingia kifuani halitoki. Jioni wake zetu walitupaka mafuta ya simsim mikononi na kutuwekea mchanga wa moto, mimi magotini, yeye mgongoni. Asubuhi tunarudi. Nyumba za mawe zilizopigwa chokaa na sisi wawili, kutoka Mkomani hadi Langoni, sikumbuki hata idadi yake.

Sasa lazima nieleze habari ya sakafu, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Paa la nyumba ya Lamu ni sakafu. Zinapangwa boriti, juu yake vibamba vya mawe, juu yake chokaa na kokoto, unene wa shibiri na zaidi. Kisha watu ishirini, thelathini, wanapanda na mbao bapa za mpini, wanapiga. Wanapiga siku tatu, siku nne, kwa nyimbo na kwa pigo moja, na wenye nyumba wanawapelekea wali na kahawa huko huko juu. Ukiacha mapema, sakafu inavuja. Ukichelewa, chokaa imeshashika, unaipasua. Ule wakati wa katikati fundi mkuu anaujua kwa sauti. Anasimama chumbani, chini ya sakafu, anasikiliza. Mwanzo mlio ni mzito, wa kitu chenye maji. Halafu, bila kukuaga, unageuka ukawa mkavu, unalia. Hapo fundi anatoka, anainua mkono, anasema, "Basi!" na watu wote wanaweka mbao chini. Fundi asiyesikia mlio huo si fundi, hata awe amejenga mji mzima.

Nilimgundua siku tulipokuwa tukijenga Langoni. Adhana ya adhuhuri iliadhiniwa msikiti wa jirani, hatua thelathini kutoka tulipokuwa, na Badawi, mtu ambaye hakupitwa na swala ya jamaa hata akiwa na homa, aliendelea kupima ukuta kwa uzi wake. Nikamgusa bega. Akageuka, na badala ya kunitazama macho akanitazama midomo. Nikajua hapo hapo.

"Tangu lini?" nikamuuliza, nikitamka polepole.

"Lile la kushoto zamani," akasema. "Hili la kulia tangu Ramadhani. Hamdun, usinene."

"Sineni."

Hakuniapisha. Sikuhitaji kiapo. Kama mji ungejua, wenye nyumba wangeanza kutazama dari zao kwa mashaka, na mtu aliyepiga sakafu miaka thelathini angeambiwa akakae barazani na tasbihi. Niliona ni dhulma. Nikasema moyoni, maadamu mimi nasikia, Badawi anasikia.

Basi tukatunga mambo yetu. Sakafu ikipigwa, yeye husimama chumbani, kiganja cha kulia juu ya ukuta, kichwa kakiinamisha, na mimi husimama mlangoni. Mlio ukigeuka, mimi huvua kofia nikajifuta jasho. Yeye huiona kofia, hungoja kidogo kwa heshima ya kazi, kisha hutoka akasema "Basi!" Watu wakamsifu kwa sikio lake. Kile kiganja ukutani nilidhani ni cha kujishikiza, maana kifua chake kilikuwa kimeanza kumbana na kusimama muda mrefu kulimtaabisha.

Akiwa juu ya ukuta nami nikiwa chini, na nina neno naye, nilikuwa nikirusha kijiwe kikagonga karibu na mguu wake. Anageuka, ananitazama. Wengine walidhani ni utani wa wazee. Watu wengine wote aliwajibu neno moja: "Tutaona, inshallah." Ukimwuliza chokaa inatosha, tutaona. Ukimwuliza mkewe hajambo, tutaona. Wakasema Badawi siku hizi anajisikia, hataki kusema na watu. Kumbe hicho kiburi tulikijenga sisi wenyewe, mimi na yeye, tukakipiga chokaa.

Nami nilikuwa na kiburi changu. Badawi hakunipandisha ngazini hata siku moja katika miaka ile. Kila kazi ilipoanza alisema mbele ya mafundi wote, "Hamdun abaki tini. Tokaa hii hakuna mwingine aiwezaye." Nibaki chini, na chokaa yangu! Nikavimba kichwa. Niliwafokea vijana waliogusa koleo langu. Niliamini kwamba mkorogo wangu ndio uliobeba nyumba za Lamu.

Nina binti mmoja, Mwanamkisi, aliyeolewa kijijini kwetu Mbwajumali, ng'ambo ya maji, na Jamaludin, mtu wa minazi na mtama. Mwaka ule ambao nataka kuueleza, miaka miwili kabla ya vita vya Wazungu, Jamaludin alijenga kijumba cha udongo na makuti shambani, hatua chache kutoka kwao. Vyumba viwili. Mwanamkisi akanitumia salamu kwa watu wa jahazi: baba njoo upumzike, na kama huwezi kumwacha Fundi, njooni nyote, Bi Umulkheir, mkewe, apate chumba chake na mumewe, nawe chako. Salamu hizo zilinifikia mara tatu. Sikumwambia Badawi hata neno.

Ungemwambiaje? Badawi alikuwa mtu wa Mkomani, mtaa wa waungwana, na makaburi ya babu zake yameandikwa majina. Umwambie ahame nyumba ya mawe akakae shambani kwa mkwe wa mkoroga chokaa, kwenye makuti? Niliona ni kumvunjia heshima. Na kwenda peke yangu ndiko kusikowezekana kabisa, kwa sababu nani angemvulia kofia? Basi nikawa namjibu binti yangu: mwakani.

Alhamisi moja baada ya swala ya alasiri tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya nyumba yake. Badawi alikuwa amekohoa sana siku hiyo, amekohoa mpaka macho yamemtoka machozi, na alikuwa ameshika kikombe cha kahawa bila kunywa. Akaniuliza, akitazama mtaani, "Nyumba ya Mwanamkisi ni kubwa?"

Nikamgusa goti ili anitazame midomo. Nilidhani amepata habari za zile salamu. Nilidhani ananipima, au zaidi ya hapo, nilidhani ananifungulia mlango: anaona magoti yangu, anataka kuniambia nenda ukapumzike, usijali habari yangu. Na nikienda, yeye kwisha. Basi nikaufunga mlango huo kwa kishindo, nikatia na mzaha juu yake.

"Nyumba ya Mwanamkisi? Haina nafasi hata ya kuku kulalia."

Akanitazama midomo muda mrefu, kana kwamba hakunisoma vizuri. Nikarudia: "Hakuna nafasi, Bwana Badawi. Hakuna nafasi Mbwajumali."

"Tutaona, inshallah," akasema, akanywa kahawa yake iliyopoa.

Kesho yake, tukitoka msikitini baada ya Ijumaa, Bwana Obeid alimsimamisha. Bwana Obeid ni mfanyabiashara, alikuwa anamwoza binti yake Swafiya, na kama ilivyo ada ya wenye nyumba Lamu alitaka kumjengea ghorofa juu ya ile ya wazazi. Alikuwa amemwomba Badawi tangu mwezi uliopita, na Badawi amekuwa akimwambia kifua, kifua. Siku ile alikubali. Nilifurahi. Naapa kwamba nilifurahi, nikaenda nyumbani nikanoa koleo langu.

Kuta zilipanda wiki tano. Boriti zikaanza kupandishwa. Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Badawi alikuwa juu ya ukuta, amechuchumaa, anatengeneza matundu ya kuingizia ncha za boriti, mgongo kaupa mtaa. Hatua mbili kutoka kwake alikuwa Jeilani, fundi kijana mwenye mikono mizuri na adabu ya kutosha. Watu wanne walikuwa wakivuta boriti kwa kamba kutoka mtaani. Mimi nilikuwa uani na chokaa yangu, nimetazama juu. Siku zote nilikuwa nikitazama juu.

Niliiona kamba ikiteleza kwenye fundo kabla ya mtu mwingine yeyote. Ncha moja ya boriti ikashuka, nyingine ikazunguka ikaja juu ya ukuta, ikielekea mgongoni mwa Badawi. Haikuja kwa haraka. Palikuwa na muda wa mtu kusema bismillahi akaimaliza. Lundo la kokoto lilikuwa kando ya mguu wangu. Kwa miaka minane nilikuwa nimerusha vijiwe kutoka kwenye malundo kama lile, mara kumi kwa siku, bila hata kufikiri. Siku ile nilipiga kelele.

"Badawi! Badawi! Badawi!"

Jeilani alisikia, akalala kifudifudi juu ya ukuta. Baadaye aliniambia kwamba hakunyoosha mkono kumvuta Fundi kwa kuwa sauti ilikuwa kubwa mno, hakuna ambaye hangeisikia, na alijua Fundi atainama. Angejua kweli, angemvuta. Mkono wake ulikuwa unafika. Angelijua mtu mmoja tu pale zaidi yangu, Badawi angekuwa hai jioni ile. Boriti ilimpiga chini ya mabega, akaanguka uani, karibu na chokaa yangu, na nilitaka kukimbia nikashindwa kukimbia. Watu waliotoka mtaani walimfikia kabla yangu.

Aliishi siku tatu. Alilazwa chumbani kwake, na siku ya pili, baada ya adhuhuri, akaniita kwa ishara nikae karibu na kitanda. Sauti yake ilikuwa imebaki ya ndani tu.

"Uliniita?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Kwa kinwa?"

Nikakubali tena. Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko kidogo kilichomwumiza mbavu. "Wewe, Hamdun," akasema. "Watu wote wa muyi huu, wewe!"

Katika mji mzima, aliyejua ni mimi. Nililia kama mwanamke aliyefiwa, nikaficha uso kwenye kikoi. Akaniwekea mkono kichwani, ule mkono wenye nyufa za chokaa, akauacha hapo. Siku ya tatu, alasiri, alifariki. Mungu amrehemu.

Kwenye matanga ndipo hadithi ya kiburi ilipozaliwa. Jeilani alisimulia alichokiona bila nia mbaya: Fundi aliitwa, sote tulisikia, hakugeuka. Wenzake wakaongeza chumvi. Nilikaa pembeni na kahawa yangu. Nikisema alikuwa kiziwi, navunja neno langu, na kaburi bado bichi. Nisiposema, anabaki mpumbavu mwenye majivuno. Nikaona mwenye haki ya kuniruhusu ni mkewe. Lakini Bi Umulkheir alikuwa ameingia edani, na mjane wa Lamu akiwa edani haonani na mwanamume asiye maharimu yake, wala hasemi naye. Miezi minne na siku kumi. Nikangoja, na jambo hilo limenikaa kifuani kama vumbi.

Katika kungoja nilitafuta kazi. Jeilani ndiye aliyemaliza ghorofa ya Bwana Obeid, nikamwendea na koleo langu. Alinipa mkono kwa adabu, akanitazama ninavyoshuka kizingiti kwa kushika mlango, akasema, "Mzee wangu, tokaa hii tutaikoroga wenyewe. Wewe pumzika." Nilimtukana. Nikaenda kwa fundi mwingine, na mwingine. Wote walinipa kahawa.

Eda ilipokwisha nilikwenda. Nilikaa kwenye daka, kiti cha jiwe cha mlangoni, naye akakaa ndani nyuma ya pazia. Nilimsikia akivuta mkeka. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka machache.

"Bi Umulkheir, marehemu alikuwa hasikii."

"Najua," akasema. "Nilale naye miaka thalathini nisiyue?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimsikilizia. Sakafu ikiiva nilikuwa nikivua kofia."

"Najua na kofia." Sauti yake ilikuwa na tabasamu la huzuni. "Alikuwa akinambia usiku, kisha tukiteka mpaka mbavu zikiuma. Bwana Hamdun, hukuuona mkono wake ukutani?"

"Niliuona. Alikuwa anajishikiza."

"Alikuwa anasikia kwa mkono. Alinambia sakafu ikiiva ukuta watetema kwa ndani, kama paka akikoroma. Alikuwa ayua kabla yako wewe. Kisha angoja uivue kofia, ndipo atoke."

Sikuelewa. Au nilielewa nikakataa. Nikamwuliza, "Angoje ya nini, kama alijua?"

"Usiyione huna kazi."

"Kazi nilikuwa nayo. Nilikuwa mkoroga chokaa."

Nadhani alikuwa akitafuta neno laini, akalikosa. "Tokaa mtu yoyote aikoroga, Bwana Hamdun. Maguu yako yalikuwa hayapandi ngazi tena. Alihofu watu wakiyaona hawatakuandika. Ndipo akawa anena mbele za watu, Hamdun abaki tini, Hamdun abaki tini. Kifua chake kilikuwa kimekwisha, nilimlilia aate kazi, apumzike. Akanambia, nikiata mimi, Hamdun aandikwa na nani?"

Pale nikaikumbuka ile milango niliyobisha, na zile kahawa. Nilishika kofia yangu mapajani. Nilitaka anyamaze, lakini ni mimi niliyekwenda kwake, na yeye alikuwa amekaa kimya miezi minne na siku kumi.

"Mwisho wake alikata shauri," akaendelea. "Alinambia, Umulkheir, twende Mbwajumali sote, tukakae karibu na Hamdun kwa mwanawe. Kuna minazi, hakuna tokaa. Nami hata kwenye makuti nitakaa. Nikamwambia, mwambie basi. Akanambia, mtu humwombaje mwenziwe nyumba ya mwanawe? Nitamuuliza kama nyumba ni kubwa, Hamdun ataelewa. Hiyo ilikuwa Alhamisi, baada ya alasiri."

Nilikuwa nimeshaelewa kabla hajasema Alhamisi.

"Akarudi ndani, akanambia hakuna nafasi. Hakukasirika. Alinena, basi na tufanye kazi sote wawili, mpaka Mngu atupumzishe. Kesho yake akamkubalia Bwana Obeid." Pazia lilitikisika kidogo, kama aliyelisogelea. "Nami nimekaa edani nikiwaza. Mwanamkisi ni mtoto wa watu wema. Kweli, Bwana Hamdun, kulikuwa hakuna nafasi?"

Ningeweza kusema hapana. Ningesema haikuwepo, angetulia, na pengine angelala vizuri. Ulimi ulikuwa tayari, maana umezoea. Lakini nilikuwa nimeshadanganya kwa heshima mara moja katika mtaa ule ule, na niliyemdanganya alikuwa kaburini.

"Ilikuwepo," nikasema. "Vyumba viwili. Mwanamkisi aliwaiteni kwa majina, wewe na yeye. Mara tatu. Sikumwambia. Niliona haya kumwita mtu wa Mkomani kwenye makuti. Na nilidhani hawezi kazi bila mimi."

Nilisikia mtaani punda akipita na mtungi ukigongana na mtungi. Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka na si ya mtu mwenye hasira, "Nyinyi nyote wawili."

Kisha akasema, "Nenda Mbwajumali, Bwana Hamdun."

"Na wewe, Bi Umulkheir?"

"Mimi niende na nani?"

Nikamwuliza kama naweza kuwaambia watu habari ya masikio, ili waache kusema kiburi. Akasema niwaambie. "Sakafu zake zimepita masika," akasema. "Asiyeamini naatazame yuu." Niliwaambia wengi. Wengine waliamini, wengine waliona hadithi ya kiburi ni tamu zaidi. Ya Bwana Obeid, aliyoimalizia Jeilani mwenye masikio mazima, inavuja kwenye pembe ya msala, kule chooni, na mimi nasema hivyo kwa furaha ndogo ambayo Mungu anisamehe.

Nikaja Mbwajumali. Ni miaka sita sasa. Hewa ni nzuri kama Mwanamkisi alivyosema, na kikohozi changu kimepungua. Magoti hayakupona wala hayatapona. Asubuhi Jamaludin ananiinua kwa makwapa. Bi Umulkheir alifariki mwaka wa tatu wa vita, nikapata habari siku tisa baada ya kuzikwa.

Mimi nakaa chumba cha mbele. Chumba cha pili Mwanamkisi alitaka kuwekea nazi, nikamkatalia kwa ukali mpaka akashangaa. Mwaka jana nilimwomba Jamaludin aniletee chokaa kidogo kutoka Lamu, nikaikoroga mwenyewe, nikaanza kuzipaka kuta za chumba kile. Nilipaka nikiwa nimekaa chini, najiburura kutoka pembe hadi pembe, na ilinichukua siku nne. Nimezipaka zote nne, kuanzia sakafuni hadi pale mkono wa mtu aliyekaa unapofika. Juu ya hapo bado ni udongo.